Adapta ya gramafoni: tazama mfuo kwanza, ndipo ununue

Hajati alilisafirisha sanduku lake la bati kutoka Bombo hadi Kampala akiwa amelipakata mapajani, ndani ya teksi iliyojaa, ili lisigongwe. Mlikuwa na santuri thelathini na kitu, zimetenganishwa kwa magazeti ya zamani. Baba yake aliachiwa na muuza nguo mmoja wa Kihindi mwaka 1972, ile miezi ambayo Waasia walipewa siku 90 kuondoka Uganda. Mwenye nazo alisema atazirudia. Hakurudi, na mzee akazitunza mpaka alipofariki, kwa kuwa amana ni amana.

"Mwanangu," akaniambia, "gramafoni ninayo, na springi yake nzima. Lakini baadhi ya hizi haziimbi, zinakwaruza tu. Wameniambia kuna ka-adapta. Nitafutie hako."

"Tuzitazame kwanza, Hajati. Ziko ambazo adapta itazisaidia, na ziko ambazo itaziua."

Alishtuka kidogo kusikia neno hilo, lakini nililikusudia. Wengi huanza na adapta. Wanaona picha kwenye simu, bei si mbaya, wanaagiza. Kipande kinafika, hakiingii kwenye mkono wa mashine. Au kinaingia vizuri kabisa, santuri inazunguka mara mbili, na ncha ya sindano inarudi na unga mweusi. Unga huo ni muziki uliokuwa kwenye mfuo, yaani ule mstari mwembamba uliochimbwa kwenye santuri ambao sindano hupita ndani yake. Haurudi.

Chanzo cha matatizo haya ni kwamba neno adapta limebebeshwa vitu visivyo na undugu. Kuna kipande cha bomba kinachogeuza kichwa cha gramafoni kitazame upande mwingine. Kuna kijiti chenye ncha ya yakuti au almasi kinachokaa mahali pa sindano ya chuma. Kuna mkono mzima wa ziada unaochomekwa kwenye mashine ya Edison. Na kuna kile kiduara cha plastiki cha kuziba tundu kubwa la santuri za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika), ambacho ndicho vijana wengi wanachokijua. Kila kimoja kinatatua tatizo moja tu. Ukinunua kimoja ukidhani kitatatua yote, umenunua hasara.

Basi tuanze pale sauti inapokaa.

Mnamo 1877 Thomas Edison alipoirekodi sauti kwa mara ya kwanza na kuisikia tena, sindano yake ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya karatasi ya bati iliyoviringishwa kwenye mche wa duara. Sauti ilikaa kwenye kina: hapa mfuo umezama, pale umeinuka, kama barabara ya vilima. Miaka 10 baadaye, 1887, Emile Berliner akaja na njia nyingine. Mfuo wake ulikuwa na kina kilekile mwanzo hadi mwisho, ila ulipinda kushoto na kulia kama nyoka anavyopita mchangani. Hiyo ndiyo njia ya ubavu, na ile ya Edison ni ya wima. Hataza za njia ya ubavu zilishikwa na makampuni makubwa, kwa hiyo waliokuja baadaye ama walilipa, ama waliingia mahakamani, ama walikwenda wima. Edison mwenyewe hakuiacha njia yake: alianza kuuza santuri zake nene za almasi, yaani zinazopigwa kwa ncha ya almasi, mwaka 1912 na akaendelea nazo hadi 1929. Kampuni ya Pathé ya Ufaransa nayo ilitengeneza santuri za wima kwa miaka mingi, na iliziuza hadi Uhindi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo ndivyo santuri ya Paris inavyoweza kutokea kwenye sanduku la bati la Bombo bila ajabu yoyote.

Sasa tazama kichwa cha gramafoni ya kawaida, kile kiduara kilicho mwisho wa mkono. Ndani kuna kiwambo, mara nyingi cha ulanga kwenye mashine za kale au cha alumini nyembamba kwenye zile za baadaye. Sindano imeshikwa na kijiti chenye egemeo, na kijiti hicho hufanya kazi kama ubao wa pembea: ncha ya chini ikisukumwa kulia, ncha ya juu inakisukuma kiwambo kushoto. Kwa hiyo kichwa hicho husikia mtikisiko wa kando peke yake. Ukikiwekea santuri ya wima, sindano inapanda na kushuka sambamba na uso wa kiwambo, na kiwambo hakipati cha kusukumwa. Utasikia mkwaruzo, pengine na sauti hafifu ya mtu aliye mbali sana. Hicho ndicho Hajati alichokuwa akikisikia. Mashine yake haikuwa na ubovu wowote, bali haikuijua lugha ya santuri ile.

Ukitaka kujua santuri yako ni ya kabila gani, chukua kioo cha kukuzia na tochi. Zima taa ya chumba, laza tochi ubavuni karibu na santuri ili mwanga ukwaruze uso wake, kisha tazama sehemu yenye kelele nyingi. Mfuo wa ubavu utauona unatetemeka, kingo zake zote mbili zikipinda pamoja. Mfuo wa wima unakwenda umenyooka, ila unapanuka na kubanika, au unaonekana kama una vivuli vilivyopangwa kama ngazi. Mara ya kwanza utatazama dakika kumi bila uhakika. Ukishaona moja ya kila aina huwezi kukosea tena.

Usitegemee jina lililoandikwa katikati. Santuri ya kampuni ya HMV unaweza kuiamini kuwa ni ya ubavu. Edison ya almasi utaitambua kwa mkono kabla ya macho: ina unene wa karibu milimita 6, na uzito wake ni wa kigae. Lakini Pathé itakudanganya, kwa sababu baadaye kampuni hiyo ilitoa santuri za ubavu pia. Nimewahi kuona mtu akiagiza ncha ya yakuti kwa santuri ya Pathé iliyohitaji sindano ya chuma ya kawaida tu.

Katika sanduku lile, ishirini na moja zilikuwa HMV na Columbia za ubavu, nyingi za Kihindi. Tatu zilikuwa Pathé za wima. Zilizobaki zilikuwa za 45 na chache za 33. Nilitafuta kwa siri kama mna hata moja ya Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV. Haikuwamo. Lakini nawaambia wanaozitafuta: zile ni za ubavu, na adapta haina kazi kwazo.

Pathé na ncha yake

Santuri ya Pathé ya wima ndiyo inayopatana vizuri na adapta, na inafaa kueleza kwa nini.

Katika gramafoni ya kawaida hakuna chombo kinachousogeza mkono kuelekea katikati. Mfuo wenyewe ndio unaouvuta. Pathé nao waliziunda santuri zao hivyo hivyo: mfuo mpana usio na kina kirefu, ambao kidude cha yakuti chenye ncha ya mviringo kinatambaa ndani yake na kuvutwa nao. Kwa hiyo mashine ya kawaida inahitaji kubadilishwa mambo mawili tu ili iipige. Kwanza, kichwa kigeuzwe robo duara na kulazwa kidogo, ili kile kijiti cha pembea kisukumwe na mwendo wa juu na chini. Hiyo ndiyo kazi ya kipande cha bomba. Pili, sindano ya chuma iondolewe na mahali pake iingie ncha ya yakuti.

Hilo la pili ndilo watu hulisahau. Sindano ya chuma imetengenezwa iliwe. Santuri za ubavu za shelaki, utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki, zimechanganywa na unga wa mawe, na katika mizunguko ya mwanzo unga huo unainoa sindano mpaka ienee kwenye mfuo. Ndiyo maana kanuni ya kale ni sindano moja kwa upande mmoja, kisha unaitupa. Ncha ya Pathé, kwa upande wake, ni ya kudumu, na ni nene karibu mara tatu kuliko ya sindano ya santuri ya ubavu. Ukiigeuza mashine yako vizuri kabisa halafu ukaacha sindano ya chuma, utasikia muziki, utafurahi, na wakati huohuo ncha ile nyembamba itakuwa inalima chini ya mfuo mpana kama jembe. Nilifanya kosa hilo miaka mingi iliyopita kwenye santuri ambayo haikuwa yangu, na mpaka leo ninapoikumbuka naumia.

Yakuti nayo huisha. Ichunguze kwa kioo kabla ya kila kikao. Ukiona imepata bapa upande mmoja au ufa, usiitumie tena, kwa kuwa bapa lina kingo kali kama patasi.

Kipande cha bomba kinatengenezeka hapahapa. Mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, wanaokereza vyuma wanakiweza bila shida, mradi uwapelekee vipimo na si maelezo. Mikono ya gramafoni haikufuata kipimo kimoja. Victor ina wake, Columbia ina wake, na mashine za bei nafuu za Ujerumani zina wake. Pima kwa kalipa kipenyo cha nje cha mkono na kipenyo cha ndani cha shingo ya kichwa, kila kimoja mara tatu, hadi sehemu ya kumi ya milimita. Tazama pia kama mkono una pini na kichwa kina mkato wa kuipokea, au kama kimeshikwa na mpira tu. Shaba ya njano ndiyo bora. Ni laini kukerezwa na haitamaliza mkono wa mashine. Mimi huwaomba waache nafasi ndogo, kisha naijaza kwa pete niliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira huo unafanya kazi mbili: unazuia hewa isivuje, na unazuia mlio wa chuma kwa chuma usiingie kwenye sauti. Ili kujua kama hewa inavuja, ziba upande mmoja kwa kiganja, weka mdomo upande wa pili, uvute. Kikivuta ulimi wako na kuushika, ni kizima.

Wala usikikaze kichwa cha zamani kwa nguvu. Vingi vilimiminwa kwa aloi ya zinki ambayo kwa miaka huvimba na kupasuka yenyewe. Kikikataa kutoka, kiache, tafuta kingine cha kufanyia majaribio.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wa adapta hawalitaji: kila milimita unayoiongeza kwenye mkono inaihamisha sindano. Mashine iliundwa ili ncha ya sindano, ukiuleta mkono katikati, ipite kidogo tu mbele ya kile kipini cha kati. Ukiongeza bomba la sentimita mbili bila kupinda, ncha itapita mbali, itakaa kwenye mfuo kwa pembe mbaya na kusugua ukuta mmoja. Adapta nzuri ina shingo iliyopinda ili kuirudisha ncha ilipokuwa. Jaribu hivi: bila santuri, ulete mkono wenye kichwa chake cha asili katikati, weka alama ya ncha kwenye karatasi. Funga adapta, rudia. Alama mbili zikikaribiana, sawa. Zikiachana kwa upana wa kidole, adapta hiyo si ya mashine yako, hata kama imeingia vizuri. Na kama gramafoni yako ni ya mkoba, mfano HMV 102 iliyoanza kuuzwa mwaka 1931 na ambayo bado inaonekana Kampala mara kwa mara, hakikisha mkono wenye adapta una nafasi ya kupita bila kugusa mbao wala kifuniko.

Edison ni nyumba nyingine

Kijana mmoja wa Ntinda alinunua mashine ya Edison kutoka Marekani, akataka kuipigia santuri za babu yake za HMV. Mwingine alikuwa na hitaji la kinyume: santuri mbili za Edison, na gramafoni ya kawaida. Wote wawili waliambiwa "tafuta adapta". Lakini matatizo yao hayafanani hata kidogo.

Mashine ya Edison ya santuri za almasi haimwachii mfuo kazi ya kuvuta. Ndani yake mna gia zinazousogeza mkono pamoja na pembe ya sauti, hatua kwa hatua, na almasi ina kazi ya kupanda na kushuka tu. Kwa hiyo mifuo yao iliweza kuwa myembamba na kubanana: 150 katika kila inchi, ilhali santuri za kawaida za shelaki zina kama 90 au 100. Ukiweka HMV kwenye mashine hiyo, mfuo unataka kwenda katikati haraka kuliko gia zinavyousogeza mkono. Adapta ya huko, na iliyojulikana zaidi ni ya Kent, ni kimkono kifupi chenye kiungo chake, kinachobeba kichwa cha ubavu na kukiachia uhuru wa kuyumba, sindano itangulie na mkono ufuate polepole. Inafanya kazi. Sauti haiwi ya kujivunia sana, lakini santuri haidhuriki zaidi ya inavyodhurika kwenye gramafoni yake.

Kinyume chake ndicho ninachokikataza. Santuri ya Edison kwenye gramafoni ya kawaida inaombwa iuvute mkono mzito kwa mifuo ambayo haikuumbwa kuvuta kitu. Zamani ziliuzwa adapta za kufanya hivyo, zenye ncha ya almasi au yakuti, na mashine kadhaa za Marekani zilitangazwa kuwa zinapiga aina zote. Brunswick walikuwa na kichwa kilichoitwa Ultona kilichozungushwa kulingana na santuri. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, nzima, yenye almasi isiyo na ufa, ni sawa kuijaribu kwa santuri usiyoionea uchungu. Kwa adapta ya kubahatisha na sindano ya chuma, usithubutu. Upande mmoja tu unatosha kuimaliza.

Kuhusu mitungi ya nta, ile ya mviringo iliyotangulia santuri, hakuna adapta ya kuipiga kwenye mashine ya sahani. Hata kwenye mashine zake yenyewe kuna ya dakika 2 yenye mifuo 100 kwa inchi na ya dakika 4 yenye 200, na kila moja inataka gia na ncha yake.

Kasi

Adapta haibadilishi kasi, na kasi isiyo sahihi humfanya mtu adhani adapta ni mbovu. Neno "78", yaani mizunguko 78 kwa dakika, lenyewe ni la kukisia. Edison ni 80. Columbia nyingi za kale nazo ziliandikwa 80. Pathé za zamani zinataka 90 hadi 100, na nyingine zinaanzia ndani karibu na kati kuelekea ukingoni, jambo ambalo limewafanya watu wakae wakisubiri muziki unaokwisha. Kidhibiti cha gramafoni nyingi za baadaye hakifiki 90 kwa raha, kwa hiyo kijaribu kabla hujagharimika.

Njia ya kupima isiyohitaji kitu ni kubandika kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri na kuhesabu kinapopita: mara 39 kwa nusu dakika ni 78, mara 40 ni 80, mara 45 ni 90. Hesabu sindano ikiwa juu ya santuri, kwa kuwa uzito wa kichwa hupunguza mwendo. Wanaotumia duara la mistari chini ya taa, lile ambalo mistari yake huonekana imesimama kasi ikiwa sahihi, wajue hivi: umeme wetu Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo duara la 78 linatakiwa kuwa na mistari 77. Lile la Marekani lina 92 kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60, nalo hapa litakudanganya. Na taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha, mistari haitasimama. Tafuta balbu ya zamani ya waya.

Za 45 na 33

Hajati alikuwa na kile kiduara cha plastiki tayari, amekifunga kwenye kitambaa. Alidhani kitamwezesha kupiga zile ndogo kwenye gramafoni yake ya kukaza springi. Kiduara hicho kinaziba tundu la milimita 38 ili santuri ikae katikati ya kipini chembamba, basi. Hakifanyi mengine.

LP, ile santuri kubwa ya 33, ilitoka 1948 na 45 ikafuata 1949, na mifuo yake ni midogo mno. Kichwa cha mashine ya umeme kinaulalia mfuo huo kwa gramu 2 au 3. Kichwa cha gramafoni ya springi huweka zaidi ya gramu 100 juu ya sindano ya chuma. Hakuna adapta ya tatizo hilo, na anayekuuzia anakuibia. Nilimwambia Hajati azitenge kabisa, katika mfuko wake, zisichanganyike hata kwa bahati mbaya siku wajukuu wakiwa nyumbani.

Adapta ninayoiamini zaidi

Kwa santuri ambayo hujui kama kuna nyingine mfano wake duniani, adapta bora ni waya mbili. Mashine ya umeme yenye kasi ya 78 na kichwa cha stirio husikia mwendo wa kando na wa wima kwa pamoja, kwa kuwa mfuo wa stirio wenyewe una vyote viwili. Ukijumlisha pande mbili, kushoto na kulia, unapata sauti ya ubavu, na mkwaruzo mwingi wa wima unafutika. Ukigeuza waya za upande mmoja kisha ukajumlisha, unapata kinyume: sauti ya wima inabaki. Nyuma ya kichwa hicho mna pini nne. Nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Unabadilishana nyekundu na kijani, na unatumia kitufe cha mono, kinachojumlisha pande mbili. Baadhi ya vichwa vina kibati kinachoiunganisha pini ya kijani na ganda; kiondoe kwanza. Ncha pia lazima iendane na santuri, kwa maana ncha ya LP ni nyembamba mno kwa 78, itakwaruza sakafu ya mfuo. Ukishapata ncha sahihi, santuri ya Pathé au Edison inapigwa kwa gramu chache badala ya mzigo wa kichwa cha chuma, na sauti inaingia kwenye kompyuta siku hiyohiyo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya tuliyoyapoteza. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Uganda 1950 na 1952 akirekodi, pamoja na mengine, muziki wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwaka 1966 Lubiri, jumba hilo, ilishambuliwa na wapigaji wake wakatawanyika. Kilichonaswa kabla ya hapo ndicho kinachotusikilizisha ulivyopigwa siku zile. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi nchi nzima miaka hiyohiyo, na nakala za kazi yake leo ziko Makerere. Zile zilipata wa kuzitunza. Santuri iliyo chini ya kitanda cha mtu haina mtunzaji ila huyo mwenye kitanda.

Kabla ya kupiga chochote, safisha, lakini kwa kujua unachosafisha. Santuri ya shelaki haiguswi na spiriti, itayeyuka. Inapata maji kidogo yenye sabuni laini, bila kulowesha karatasi ya kati, kisha inakaushwa kwa kitambaa. Ya Edison ni kinyume kabisa: maji yanaingia kwenye kiini chake na kukivimbisha, kwa hiyo hiyo ndiyo inayosafishwa kwa spiriti. Vumbi letu jekundu ni mchanga mtupu, na sindano ikilikanyaga, linafanya kazi ya msasa.

Tulimaliza jioni. Santuri ishirini na moja za ubavu zilihitaji sindano mpya tu, na nilimpa Hajati pakiti, nikamwonyesha jinsi ya kuitupa kila upande unapokwisha. Alidhani navuruga mali mpaka nilipomwonyesha kwa kioo sindano iliyotumika mara tano. Za Pathé tulizinasa kwa umeme kwanza. Kisha moja, iliyokuwa na ufa ukingoni na ambayo tayari ilikuwa imelimwa na sindano ya chuma, tukaipiga kwenye gramafoni yake kwa bomba la Katwe na ncha ya yakuti. Yeye alihesabu karatasi, mimi nikashika saa. Arobaini na moja. Nikasogeza kidhibiti. Arobaini na nne. Hakikwenda zaidi ya hapo, na mwimbaji akabaki mzito kidogo, ila maneno yalisikika.

Santuri zikarudi kwenye sanduku, kila moja katika bahasha ya karatasi badala ya gazeti, zimesimama badala ya kulala. Juu ya bahasha nikaandika kwa penseli. Nyingi zina neno moja: ubavu. Za 45 na 33: umeme tu. Na zile tatu: wima, yakuti, 90, anza ndani.